Vuli ya Sajenti na Mkomunisti

Alhamisi, 28 Septemba 1944
Upepo mkavu tangu alfajiri. Mtu wa kaunti amekuja kutuambia kwamba vibarua wa Mexico hawatatosha mwaka huu. Tukitaka viazi sukari, vile vya kiwanda cha sukari, vitoke ardhini kabla ya baridi kali, tukubali wafungwa wa vita. Wamewekwa kwenye uwanja wa maonyesho, pale tulipokuwa tukipeleka ndama kushindania utepe wa ushindi. Mume wangu, Konrad, akauliza, "Ni Wajerumani?" Yule bwana akasema ndiyo, waliokamatwa Afrika. Konrad akatia saini papo hapo. Alipoondoka yule bwana, akaniambia, "Angalau tutasikilizana nao." Mwanetu Reuben yuko Ulaya na jeshi letu, anapigana na hao tutakaosikilizana nao.

Jumamosi, 30 Septemba
Nimenoa mapanga ya viazi. Binti yetu Mollie amenyonyoa kuku wanne huku akinung'unika.

Jumatatu, 2 Oktoba
Wamekuja kumi, wamesimama juu ya lori, wanaimba. Mlinzi wao ni mmoja tu, Koplo Purvis, kijana mnene wa Arkansas mwenye macho ya usingizi. Aliegemeza bunduki kwenye ukuta wa ghala, akaniuliza kama kuna kahawa.

Mkubwa wao ni sajenti, Horst Dettmer. Alibana visigino, akainamisha kichwa. "Mama, tuko chini ya amri yako." Nywele zimechanwa vizuri, sare ya mfungwa imepigwa pasi, sijui na nani. Tulipoanza kuongea naye alitabasamu. Alisema Kijerumani chetu ni cha kitabu cha nyimbo za kanisani, hakijapata kusikika kwao tangu enzi za babu wa babu yake. Ni kweli. Wazee wetu waliihama Ujerumani wakaenda kulima Urusi, kando ya Volga, na lugha wakaihifadhi kama walivyoihifadhi mbegu. Mimi nilikuwa na miaka tisa tulipotoka huko kuja Nebraska. Konrad alicheka aliposikia hayo ya kitabu cha nyimbo. Konrad hachekicheki wakati wa mavuno.

Wanafanya kazi vizuri. Trekta inatangulia kulegeza udongo, wao wanafuata, wanachoma kiazi kwa ndoano ya panga, wanafyeka majani, wanarusha kwenye lundo. Dettmer akipiga filimbi wote wanainama pamoja.

Mmoja yuko peke yake. Mrefu, mkondefu, anakohoa. Hakuimba kwenye lori, na wenzake wamemwachia mstari wa mwisho, wenye mawe. Nilimwuliza Dettmer jina lake. "Krahl. Usijisumbue naye, mama."

Jumanne, 3 Oktoba
Nimepika supu ya tambi. Hatutakiwi kuwalisha, kambi inawapa mkate na soseji. Purvis alikula mabakuli mawili, akasema hajaona kitu. Krahl alikula amesimama.

Ijumaa, 6 Oktoba
Konrad ameweka mbao ghalani ziwe meza, ili wasile juani. Yeye anakaa kichwani pa meza, Dettmer kuliani kwake, kama mwana mkubwa. Wanazungumza ng'ombe, udongo, Luther. Dettmer ni mtoto wa mwalimu. Leo Konrad amesema mbele yangu na Mollie, "Laiti Reuben angekuwa na nidhamu ya kijana huyu." Mollie akaweka kijiko chini kwa kishindo.

Baada ya chakula Dettmer alimvuta Konrad pembeni. Konrad akarudi uso umebadilika.

"Yule mrefu asikae tena mezani pangu."

"Amefanya nini?"

"Mkomunisti. Hitler alimfunga miaka sita. Walimtoa gerezani wakampeleka vitani kwenye kikosi cha adhabu, naye akavuka jangwa na mikono juu, akajisalimisha kwa watu wetu."

"Kwa watu wetu?"

"Mama, mkomunisti ni mkomunisti."

Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Ndugu yake Konrad na dada yangu Eva walibaki Volga, chini ya wakomunisti.

Jumapili, 8 Oktoba
Kanisani. Baada ya ibada Bi Abernathy, mwalimu wa shule, alisimama mlangoni na sanduku akikusanya nguo za joto kwa ajili ya Warusi.

"Washirika wetu wanaganda kwa baridi," alisema.

"Wagande," alisema Konrad, mchungaji akiwa amemshika mkono.

"Bwana Schwabauer! Warusi wanamwaga damu ili Reuben wenu arudi nyumbani."

"Miaka mitano iliyopita wewe mwenyewe ulimfundisha huyu Mollie kwamba Stalin ni shetani."

"Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita."

"Kwani shetani ameokoka?"

Watu walicheka, na Bi Abernathy akawa mwekundu mpaka shingoni. Nilitia sweta langu la sufu sandukuni. Konrad alitangulia garini peke yake. Eva yuko huko, kama yupo. Sikuwa na njia nyingine ya kumpelekea sweta.

Jumatatu, 9 Oktoba
Umande mzito. Lori liliharibika, wamechelewa.

Jumatano, 11 Oktoba
Sasa Krahl anakula nyuma ya gari la majani. Nilimpelekea supu mwenyewe ili nimwone mkomunisti kwa karibu. Ana mikono ya fundi wa meli, ndiyo kazi yake, Bremen. Meno mawili ya mbele hana.

"Ni kweli wewe ni mkomunisti?"

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea angekana. "Na unasema hivyo hivyo tu?"

"Nilikaa ndani miaka sita kwa kukataa kuukana ukomunisti. Niukane leo kwa bakuli la supu?"

Basi nikamwambia habari za Eva. Barua yake ya mwisho ilikuja mwaka wa thelathini na tatu. Nafaka ilikuwa imechukuliwa yote na watu wa serikali. Alikuwa amezika watoto watatu, na waliobaki walikuwa wakila panya wa shambani. Baada ya hapo kimya.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hizo ni habari za magazeti ya matajiri, mama."

"Ni mwandiko wa dada yangu."

"Labda kuna mtu alimwandikisha."

Nilimnyang'anya bakuli. Lilikuwa na supu nusu. Nikawamwagia kuku.

Ijumaa, 13 Oktoba
Bwana Zelman, Myahudi mwenye duka la nguo, amekuja na glavu tulizoagiza. Tunamfahamu tangu Mollie mdogo. Alipita mstari kwa mstari akimpa kila mfungwa jozi mkononi, kwa sababu ndivyo alivyo, hawezi kukutupia kitu. Dettmer alipokea ya kwake, akashukuru kwa adabu, akaiweka chini. Wengine wakaweka zao chini. Walifanya kazi siku nzima mikono mitupu, katika majani yenye barafu. Krahl peke yake alivaa.

Bwana Zelman alilitazama lundo la glavu. "Labda namba siyo," akaniambia.

"Labda," nikasema.

Konrad hakuwa karibu. Nilipomweleza alisema vijana wa jeshi ni wagumu, hawapendi kudekezwa.

Jumamosi, 14 Oktoba
Viazi vizuri, vizito. Reuben ameandika: matope, hajambo. Haruhusiwi kusema alipo, lakini redio inataja Aachen, mji wa mpakani mwa Ujerumani, kila siku.

Jumatatu, 16 Oktoba
Wamekuja tisa. Nilimwuliza Purvis aliko Krahl. "Mgonjwa." Tisa wameimba kwa nguvu kuliko walivyokuwa wakiimba kumi.

Jumanne, 17 Oktoba
Tisa.

Jumatano, 18 Oktoba
Krahl amerudi. Jicho moja limefumba, mdomo umepasuka, akiinama anashika ubavu. Purvis alisema, "Aliteleza bafuni, mama." Kisha akatazama viatu vyake. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Nilimpelekea maji. Nilikuwa bado na hasira naye, na nilikwenda nikiwa nayo.

"Nani?"

"Walifanya mahakama," alisema. "Sebuleni mwa bweni, mchana, askari wakicheza karata nje. Dettmer jaji. Kila mtu alitakiwa kupiga mara moja, ili asiwepo wa kusema mimi sikuwemo."

"Umewaambia wakubwa?"

"Nilimwambia daktari kwamba niliteleza. Ningesema kweli ningerudi bweni lile lile." Aliongea polepole kwa sababu ya mdomo. "Kikao cha pili ni wiki ijayo. Kuna mwenzetu kambi nyingine alikutwa ananing'inia. Wakaandika kajiua. Mama, wewe ni mtu huru. Nenda kwa kapteni umwambie anihamishe. Popote."

"Kwa nini mimi?"

"Nani mwingine aliyewahi kuniuliza kitu hapa?"

Ijumaa, 20 Oktoba
Nilikwenda mjini na gari la mayai. Nimekaa nikifikiri niandike vipi yaliyosemwa, na naona ni bora niyaandike kama yalivyosemwa.

Kapteni Whitlock ana mezani picha ya mkewe na watoto, na kikasha cha kuchonga ambacho mfungwa amemtengenezea. Aliniwekea kiti. Alikuwa mpole muda wote.

"Mama Schwabauer, sijapata mtoro hata mmoja. Vitanda vimetandikwa, jikoni panang'aa, viazi vinatoka kwa wakati. Unajua ni kwa nini? Sajenti Dettmer. Kambi nyingine wanalia, mimi nalala."

"Wamempiga mtu wakamvunja mbavu."

"Ripoti inasema aliteleza."

"Kapteni, nimemwona."

Alishusha pumzi. "Krahl ni mkomunisti, Mwekundu. Hajifichi. Faili lake limeandikwa hivyo tangu Tunisia. Nikimpeleka kambi nyingine nawapelekea wenzangu mchochezi. Nikimlinda hapa, nitaulizwa kwa nini namlea."

"Si tunapigana na Hitler?"

"Tunapigana naye, na tutammaliza kabla ya Pasaka." Aliinama mbele, kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Dettmer ni askari aliyeshindwa. Atarudi kwao, atafungua duka, atanunua mashine zetu. Huyo mwingine na wenzake ndio tutakaopambana nao baadaye. Na ninyi watu wa Volga, nilidhani mngekuwa wa mwisho kuja kumwombea."

"Hata mimi nilidhani hivyo," nikasema.

Alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alinisifia mayai.

Konrad alinisikiliza akikamua ng'ombe. "Ni mambo yao," alisema. "Wafungwa wana sheria zao. Tukiingilia, tutavuna na nani?" Hilo la kuvuna ni swali la haki. Zaidi ya nusu ya viazi bado viko ardhini.

Jumamosi, 21 Oktoba
Baridi imekuja ghafla. Nimeoka mikate yenye kabichi na nyama ndani, nikapeleka ghalani nikakaa karibu na meza kushona gunia, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe.

Konrad alikuwa hakulala vizuri. Akamwuliza Dettmer bila kuzunguka, "Yule Krahl mlimpiga?"

"Ni mambo ya familia, bwana. Msaliti huadhibiwa. Huku hamna wasaliti?"

"Huku kuna mahakama."

"Na sisi tulikaa mahakama. Kila kitu kwa utaratibu."

Konrad akatafuna. Nilijua kwamba kama wangeishia hapo angeyaacha. Ila Dettmer alikuwa ameshiba, ghala lilikuwa na joto, na alimpenda Konrad kweli, hilo siwezi kumnyima. Akasema kwa sauti ya kumtuliza:

"Hata kuhusu mwanao, bwana, usiwe na wasiwasi."

"Mwanangu ana nini?"

"Amechukua silaha dhidi ya damu yake. Lakini ni kijana, amezaliwa ugenini, hakuelekezwa. Vita vikiisha na mambo yakakaa sawa, tutalitazama jambo lake kwa huruma. Mimi mwenyewe nitaandika kwamba wazazi wake ni watu wema."

Alikuwa akifuta bakuli kwa mkate wakati anasema. Wafungwa wanane walitikisa vichwa kuafiki. Purvis, asiyejua Kijerumani, alitikisa kichwa pia.

Konrad alisimama akaenda kwenye trekta. Alishinda huko mpaka lori lilipoondoka. Jioni, akikamua ng'ombe, alisema, "Atamhurumia." Alihamia ng'ombe wa pili akasema tena, "Reuben. Atamhurumia Reuben." Nikamwacha.

Jumatatu, 23 Oktoba
Konrad alilingoja lori barabarani. Halikuruhusiwa kuingia uani.

"Mwambie kapteni simtaki sajenti," alimwambia Purvis.

"Bwana, sajenti asipokuwepo hawa wengine hawashiki panga. Watagoma."

"Basi ondoka nao."

"Na viazi?"

"Viazi ni vyangu."

Dettmer alikuwa juu ya lori, amesikia kila kitu, anafahamu Kiingereza kuliko anavyoonyesha. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha masikitiko, kama ya mwalimu. "Utajuta, bwana, na nitasikitika kwa ajili yako."

Hapo Konrad akamwelekezea Krahl kidole. "Na huyo pia simtaki. Mkomunisti. Lakini akirudi kule mtamwua, kwa hiyo anashuka hapa. Mwambie kapteni alete gari lingine la kumpeleka kwingine. Magari mawili. Sitaki wapande gari moja."

Purvis alikuna shingo. Akaniuliza mimi, si Konrad, kama simu yetu inafanya kazi. Aliongea na kambi muda mrefu, zaidi akisikiliza. Alipokata alisema, "Kapteni anasema kama bwana anataka kumlea Mwekundu kwa wajibu wake mwenyewe, sawa. Mimi nabaki kumlinda, dereva awarudishe wengine. Ataandika kwa wakubwa wake kuomba uhamisho." Nilimwona amefurahi. Nafikiri pia alikuwa hataki tena kutazama viatu vyake.

Tumewapa kibanda cha vibarua, chenye jiko.

Alhamisi, 26 Oktoba
Tunavuna watano: Konrad, Mollie, mimi, Krahl na Purvis, ambaye ameweka bunduki kwenye boksi la trekta akachukua panga. Krahl hawezi kuinama, anakaa juu ya kreti, tunamrushia viazi anafyeka majani. Ana kasi.

Jumapili, 29 Oktoba
Kanisani watu walitupisha njia kama wenye surua. Mke wa mzee wa kanisa aliniambia, "Mmefukuza Wajerumani safi mkabaki na Mrusi." Nikamwambia si Mrusi, ni wa Bremen. "Ndiyo vibaya zaidi," akasema. Bi Abernathy alinishika mkono kwa nguvu akanong'ona kwamba ana fahari nami, na kwamba lazima Krahl anafurahi jinsi Warusi wanavyosonga mbele. Sikupenda lile wala hili.

Jumatano, 1 Novemba
Konrad na Krahl wanapigana kwa maneno kuanzia kiazi cha kwanza mpaka cha mwisho. Naandika kidogo:

"Ng'ombe wa ndugu yangu alikuwa mmoja! Mmoja! Wakamwita tajiri!"

"Kulikuwa na makosa, bwana. Kila mapinduzi yana makosa."

"Ndugu yangu ni kosa?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema! Mollie, hakusema?"

"Baba, mimi nakata viazi."

"Huyo Hitler wa kwenu nani alimweka madarakani?"

"Si mimi! Mimi nilikuwa napigwa barabarani huku matajiri wenu wakimwuzia mafuta!"

"Mimi nimemwuzia nani mafuta? Nina trekta moja!"

"Basi Warusi wangekuita tajiri," alisema Krahl, na mara ile ile akatambua alichosema. Akachukua kiazi kingine. Konrad naye akachukua chake. Walifanya kazi hivyo mpaka jua likashuka. Purvis aliniuliza wanagombania nini. Nikamwambia trekta.

Jumamosi, 4 Novemba
Theluji nyepesi. Hakuna jirani aliyekuja kusaidia.

Jumanne, 7 Novemba
Uchaguzi. Konrad amempigia kura Dewey, mpinzani wa Rais, kwa sababu Roosevelt anakula meza moja na Stalin. Mimi nimempigia Roosevelt. Tulikwenda na gari moja.

Alhamisi, 9 Novemba
Gari la jeshi limekuja kumchukua Krahl, na askari wawili wasiomjua. Kambi ni ya mashariki, hawakusema ipi. Alikuwa amevaa glavu za Bwana Zelman na koti kuukuu la Konrad.

Alinifuata jikoni kuaga. Alisimama mlangoni kwa sababu ya matope.

"Barua ya dada yako," alisema. "Ilikuwa imeandikwa kwa wino au kwa penseli?"

"Penseli."

"Mwandiko ulikuwa ule ule mpaka mwisho?"

"Ulikuwa unazidi kuwa mdogo. Karatasi ilikuwa inaisha."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Nilisubiri aseme kwamba ananiamini. Hakusema. Sidhani angeweza, baada ya miaka sita kule ndani. Alisema, "Ahsante kwa supu, mama. Hata ile waliyokula kuku." Kisha akaenda.

Konrad hakutoka kumuaga. Alikuwa dirishani.

Jumamosi, 11 Novemba
Ardhi imeganda. Trekta inakwaruza juu tu.

Jumatatu, 13 Novemba
Karibu robo ya shamba imebaki ardhini, na itaozea humo. Purvis amerudishwa kambini. Mollie alimpa mikate ya kabichi iliyojaza gazeti zima.

Jumanne, 28 Novemba
Barua ya Reuben, kutoka hospitali Uingereza. Miguu imeharibika kwa matope na baridi, vidole viwili vimekatwa, anacheka kwamba sasa atanunua viatu vidogo. Hatarudishwa mstari wa mbele. Konrad alitoka nje akapasua kuni ambazo zilikwisha pasuliwa.

Jumatano, 6 Desemba
Amekuja mwanamume wa serikali kutoka Omaha, kofia magotini, kahawa hakunywa. Alijua kila kitu: siku, kibanda, koti.

"Bwana Schwabauer, kwa nini ulimweka mkomunisti nyumbani kwako?"

"Mbavu zilikuwa zimevunjika."

"Alisema nini kuhusu Marekani? Kuhusu serikali?"

"Alisema mengi. Yote ya kipumbavu."

"Kwa mfano?"

"Kwa mfano alisema ndugu yangu hakufa kwa njaa."

Yule bwana akaandika. "Kwa hiyo hamkukubaliana."

"Hatukukubaliana hata siku moja."

"Na bado ukampa koti."

"Kulikuwa na baridi."

Aliandika hilo pia. Akageuka kwangu: je, nimewahi kuchangia jumuiya yoyote ya kuwasaidia Warusi? Nikamwambia sweta moja, kanisani, kwa mwalimu wa shule. Akataka jina la mwalimu. Nikamwambia Warusi ni washirika wetu, redio inasema hivyo kila jioni. "Leo ndiyo, mama," akasema, kwa upole ule ule wa kapteni. Jina sikumpa. Nadhani anaweza kulipata kwa mtu mwingine yeyote.

Alikaa muda mrefu. Alipoinuka, nilimwuliza kama wanamchunguza Dettmer pia.

"Nani?"

"Sajenti. Aliyemvunja mtu mbavu. Aliyesema ataandika barua mwanangu ahurumiwe."

Alifungua daftari akapekua kurasa nyuma, kurasa mbele. Alitafuta kwa uaminifu, nilimwona. "Hilo jina sina," akasema.

Ijumaa, 15 Desemba
Mchungaji ameita wazee wa kanisa. Kambi imejitolea kuleta kwaya ya wafungwa ibada ya mkesha wa Krismasi, waimbe kwa Kijerumani. Kiongozi wa kwaya ni Dettmer. Konrad alipinga. Wengine wote wakakubali. Mchungaji alimwambia mbele yao, "Konrad, ni vijana tu, mbali na mama zao." Konrad akasema hilo ni kweli, na bado anapinga.

Jumapili, 24 Desemba
Theluji mpaka kwenye vizingiti. Kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa hatukwenda ibada ya mkesha. Mollie tulimwacha aende, ana marafiki zake. Konrad alisoma habari za kuzaliwa kwa Bwana mezani, mimi nikiwa msikilizaji peke yangu, na alikosea mara mbili kwa sababu ya miwani.

Mollie alirudi na mashavu mekundu. Kanisa lilijaa mpaka ngazini. Kapteni Whitlock alikuwa mbele na familia yake. Watu walilia, hasa wazee, kusikia nyimbo za nyumbani kwao zikiimbwa vile.

"Na yeye?" aliuliza Konrad.

"Aliimba peke yake ubeti mmoja. Baba, ana sauti nzuri sana. Nilitaka iwe mbaya."

Konrad alivua miwani. "Mlimpigia makofi? Kanisani?"

"Walisimama."

"Na wewe?"

Mollie alivua skafu, akaikung'uta theluji juu ya jiko. "Nilikuwa katikati ya benchi, Baba," alisema. "Nilisimama."

Konrad alimmiminia kahawa, akamsogezea kiti.